Inchi Nane kwa Watu Wawili

Chini ya mlima Kawi, mtu akitaka kuchongewa maboksi ya spika huelekezwa kwa Ngadiran. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, kati ya banda la mbuzi la jirani na mfereji unaopeleka maji mashamba ya mpunga, na anayekuja mara ya kwanza hana haja ya kuuliza njia. Anafuata harufu ya gundi na mlio wa msumeno.

Ngadiran si mtu wa maneno mengi, ila kwa mteja ana maswali matatu, na hagusi ubao kabla hayajajibiwa. Ni la uwanjani au la nyumbani? Watasikiliza wangapi? Watakaa umbali gani? Majibu hayo ndiyo yanayochagua wufa, ile spika pana inayobeba besi: iwe ya inchi ngapi, na ziwe ngapi. Lakini kwa miaka mingi maswali yale yamekuwa kama salamu tu, maana jibu ni lile lile. La uwanjani. Watasikiliza wote. Umbali ni mpaka kijiji cha pili. Basi yeye huchonga matundu ya inchi kumi na nane, maboksi manane, kumi na sita, yanapangwa juu ya lori kama ukuta na kupitishwa barabarani siku za harusi na sherehe za uhuru za mwezi wa nane. Vigae vya paa hucheza, kuku hukataa kutaga, na wazee hushika vifua wakicheka. Katika bonde lile besi ya kusikika kwa sikio tu ni besi iliyoshindwa. Na ikipungua, dawa yao ni moja, haijawahi kubishiwa na mtu: ongeza wufa.

Nyumbani kwake mwenyewe hapakuwa na spika. Palikuwa na redio ndogo juu ya jokofu, ya kusikilizia adhana ya kufuturu. Nyumba ilikuwa nzuri kuliko nyumba za mafundi wenzake, sakafu ya marumaru, madirisha ya vioo vya bluu, sebule yenye sofa la mbao ya mtiki ambalo mito yake ilikuwa bado haijabonyea. Ilijengwa kwa jasho la mkewe, Wiji, aliyekuwa mfanyakazi wa ndani huko Hong Kong mwaka wa tisa sasa. Ngadiran alilala katika chumba cha nyuma karibu na karakana. Kila siku alifagia sebule, akafunga mlango, akaondoka.

Wiki chache kabla ya Idi, Wiji alimtumia ujumbe wa sauti. Ngadiran aliusikiliza akiwa amesimama kati ya vumbi la mbao, simu ameibana sikioni. Alimwita Mas, kaka, kama wake wa bonde lile wanavyowaita waume zao, nao waume huwaita Dik, mdogo wangu.

"Mas, nimepewa likizo, nitakuja Idi. Wanataka nisaini tena. Nimewaambia nitawajibu ifikapo Kupatan, wiki ya Idi ikiisha. Nataka kwanza nione kama bado najua kukaa nyumbani." Kwa nyuma maji yalikuwa yakitiririka. "Mzee wa hapa ana maboksi mawili madogo chumbani kwake. Jioni anapiga muziki, mimi nanyoosha nguo ukumbini, nasikia kupitia mlango. Sijawahi kuingia nikakaa. Mas, wewe ni fundi. Unaweza kututengenezea kama yale? Nataka nikae mbele ya muziki kama mwenye nyumba."

Aliurudia ujumbe ule mara nyingi, hata mlio wa yale maji akaujua kwa moyo. Mwanamke aliyeuliza kama bado anajua kukaa nyumbani anaweza kukaa, na anaweza kuondoka; na yeye, kwa mara ya kwanza tangu mkewe aondoke, alikuwa na kitu cha kufanya juu ya jambo hilo kwa mikono yake.

Akajiuliza maswali yake mwenyewe. La nyumbani. Watu wawili. Umbali wa kutoka ukutani mpaka kwenye sofa.

Akakaa siku nzima juu ya ndoo iliyofunikwa, penseli nyuma ya sikio. Wufa moja kubwa ingedai boksi kama kabati, na noti yake nene ingetoka ndani ya boksi ikakosa mahali pa kumalizikia katika sebule ile. Ingegonga ukuta na kurudi ikiwa imevimba. Boksi moja dogo pembeni lingetosha kumchangamsha mtu aliye peke yake, ila halitengenezi mahali. Maboksi mawili, yakiwekwa sawa, humkalisha mwimbaji katikati yake, hewani, pasipo na kitu. Huyo mwimbaji ndiye aliyemtaka. Na Wiji alipenda keroncong, muziki wa kale wa magitaa madogo, ambamo selo, ile fidla kubwa, haipigwi kwa upinde bali hudonolewa kwa vidole, tum, tum-tum, kama moyo wa mtu aliyepumzika. Selo ile haitaki wufa nzito inayochelewa kusimama. Inchi nane, moja kila boksi. Zote mbili pamoja hazisukumi hewa kama moja ya kumi na mbili, alilijua hilo, lakini kwa watu wawili kwenye sofa moja hewa hiyo inatosha na kubaki.

Kasmuri alimkuta akizipima. Kasmuri ndiye mwenye lori la muziki lililo kubwa kuliko yote bondeni, mtu mnene mwenye sauti ya kupigia kelele mashine, na nusu ya ukuta wake wa maboksi ulitoka mikononi mwa Ngadiran.

"Nini hiyo, Kang Dir?" Kang ni kaka, na Dir ni kifupi cha jina lake. "Kisahani cha pilipili?"

"Inchi nane."

"Ya nani?"

"Ya kwangu. Wiji anakuja."

Kasmuri akaangua kicheko mpaka mbuzi wa jirani wakanyanyua vichwa. "Mganga hajigangi! Mke karudi baada ya miaka tisa, unampokea kwa mlio wa mbu? Mimi mama mkwe wangu akija kutoka Blitar tu, nampigia besi mpaka meno ya bandia yanacheza."

"Ndiyo maana siku hizi haji."

"Si ndilo ninalolitaka!" Akajifuta machozi. "Sikia. Nakuazima kumi na nane moja. Akiguswa kifua na hiyo, aah, Hong Kong ataisahau na aliyeijenga."

"Ni ya watu wawili, Mur."

"Hata wawili wana vifua, Kang."

Ngadiran hakubadili nia. Lakini neno lile la mbu liliingia, likatulia mahali.

Maboksi yalikuwa tayari kabla ya Idi. Aliyapaka rangi ya kahawia iliyoiva, akaipiga msasa mpaka ikawa kama ngozi ya embe dodo. Kila wufa aliigusisha betri ya tochi, akaona koni yake ya karatasi ikiruka kuja mbele, ishara kwamba chanya ni chanya na hasi ni hasi. Waya aliutandaza kando ya ukuta, nyuma ya kabati la vyombo. Upande wa kushoto waya haukufika, akaunga kipande, akafunga kwa mkanda, akarudisha kabati mahali pake. Kisha akalijaribu kila boksi kwenye karakana, moja moja, kama alivyojaribu kila boksi la maisha yake. Selo ilidonoka safi.

Wiji akaja na gari la abiria kutoka uwanja wa ndege, amevaa koti jepesi katika joto lile. Walipeana mikono, akaubusu mkono wa mumewe kwa adabu, kisha wote wawili wakalitazama begi. Ngadiran aliona mambo madogo. Wiji alitembea kwenye marumaru kwa ncha za miguu. Mlango aliufunga huku ameshika kitasa, akikiachia taratibu ili kisilie. Akiosha kikombe, alikiweka kama mtu anayemlaza mtoto.

"Piga kelele kidogo," alimwambia kwa utani. "Humu hamna bosi."

"Mikono imeshasahau, Mas."

Siku ya pili ya Idi, wageni walipopungua, wakakaa kwenye sofa. Wiji alikaa katikati kabisa. Ngadiran akawasha amplifaya, akaja kukaa karibu naye, si karibu sana. Magitaa yakaanza, sauti ya mwanamke ikafuata. Ngadiran akasubiri selo.

Haikuja. Ilikuwapo, ila kama imetoka nje na kuwaachia mlango wazi. Na mwimbaji hakukaa katikati. Alitapakaa kote kama moshi, hujui umtazame wapi. Ngadiran alihisi masikio yakipata moto.

"Inafanana?" akauliza.

"Nzuri, Mas."

"Inafanana na ya kule?"

Wiji hakuwa mwongo. "Ya kule ilikuwa na, sijui niseme nini. Kitu cha chini."

Ngadiran alishasimama.

"Kaa kwanza. Wimbo haujaisha."

"Mara moja tu, Dik. Nalijua tatizo."

Chai haikupoa kabla maboksi hayajarudi karakanani. Akayajaribu moja moja. Selo ikadonoka kama kawaida. Hapo akakata shauri. Maboksi hayana ugonjwa, ila sebule ni kubwa na wufa ni ndogo. Inchi nane! Mlio wa mbu! Alikuwa amejidai kuwa na hekima kuliko bonde zima, kumbe bonde lilijua. Akamtuma mtu mjini, zikaja wufa za inchi kumi. Akakata mbao mpya.

Hizo ndizo zilizokuwa siku za likizo ya Wiji. Wageni wa Idi walikuja, akawapokea peke yake, akawamiminia sharubati, akawajibu kwamba ndiyo, kule kuna baridi. Hapana, theluji hajaiona. "Mwenyeji yuko wapi?" waliuliza, naye akaonyesha kwa kidevu upande wa nyuma, ambako msumeno ulijibu. Wageni walicheka. "Dir na mbao zake!" Walipoondoka aliosha vikombe bila kuvigonganisha.

Mara moja alimpelekea kahawa. Alisimama mlangoni pa karakana, akasema jambo. Mashine ya kukatia matundu ilikuwa ikizunguka. Ngadiran aliona midomo tu. Akaizima.

"Nini?"

"Nimesema kahawa."

Ngadiran aliona kwamba lile jambo lilikuwa refu kuliko kahawa. Lakini gundi ilikuwa inakauka.

Zile za inchi kumi ziliwekwa. Wiji akakaa katikati, mikono mapajani, kama mtu anayepigwa picha. Besi ikagoma vile vile. Ngadiran akatembea hadi ukutani, pale akaisikia; akarudi kwenye sofa, ikapotea. Akasema sebule inaimeza. Akasema kumi moja kila boksi ni kidogo, zinatakiwa mbili.

"Mas, acha. Inatosha hivi hivi."

"Haitoshi, hata wewe unasikia haitoshi."

"Tangu nifike tumekaa pamoja nusu ya wimbo."

"Kesho kutwa, Dik. Kesho kutwa tutakaa mpaka uchoke."

Alisema kweli, maana alimaanisha. Aliingia karakanani kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo, na hayakuwa madogo. Yalikuwa yamewekwa miaka tisa bila kutumika. Kila alipopiga msasa kona ya boksi alimwona Wiji amekaa, amefumba macho, nyumba imemkubali. Huyo Wiji wa kichwani alikuwa mwepesi kukaa naye. Yule aliyekuwa uani, kwenye mkeka, akisuka majani machanga ya mnazi kuwa vifuko vya ketupati, vya kupikia wali wa Kupatan, alimsikia tu akikohoa.

Mkesha wa Kupatan, alasiri, maboksi mapya yaliingia sebuleni. Wufa nne za inchi kumi. Yalikuwa marefu hadi kifuani, na sofa halikutosha tena. Wakalibeba wote wawili hadi barazani. Kwa hiyo walisikiliza wamesimama, kama watu waliokuja kupanga chumba. Glasi ziliimba kabatini. Pembeni besi ilinguruma. Katikati, alipokuwa amesimama Wiji, palikuwa na shimo.

Ngadiran akapunguza sauti. Jasho lilimtiririka. "Labda nikiongeza..."

"Nimeshawajibu, Mas."

"Nani?"

"Kule. Nitasaini."

Ngadiran alitazama mikono yake, iliyojaa rangi ya kahawia. "Kupatan ni kesho. Ulisema Kupatan."

"Nimewajibu juzi, ulipokuwa unapaka rangi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomuumiza. "Miaka tisa nimeishi katika nyumba ambayo nawasikia watu wakiwa chumba kingine. Nikasema, nikirudi kwangu haitakuwa hivyo. Nimerudi, nakusikia upo chumba kingine. Sasa kule angalau wananilipa."

Alijaribu kucheka kwenye hilo neno la mwisho, kwa vile lilikuwa utani. Ngadiran naye alijaribu. Kisha Wiji akaenda kuutazama moto wa wali.

Asubuhi ya Kupatan Kasmuri alikuja na familia yake kula, kama desturi. Alipoyaona maboksi kupitia dirishani akapiga kelele ya ushindi.

"Nne! Kang Dir amesilimu! Washa, washa tusikie!"

Ngadiran hakutaka, lakini mgeni ni mgeni. Akawasha. Kasmuri akaingia na ketupati mkononi, akapita hatua mbili tatu kuelekea katikati ya sebule, akasimama kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwapo. Akarudi nyuma. Akaenda mbele tena. Uso wake ukafunguka kwa furaha.

"Umegeuza waya!"

"Haiwezekani. Nimepima wufa zote."

"Wufa ndiyo, waya je? Upande mmoja unasukuma, mwingine unavuta, zinakutana hapa katikati zinalana! Kang, hata vijana wangu wa kubeba maboksi wanalijua hili!" Alikuwa ameshavuta kabati, amepiga magoti, kitambi kikigusa sakafu. Akakifungua kiungo kile cha mkanda, akabadilisha nyaya mbili kwa vidole vyenye mafuta ya opori, mchuzi wa kuku wa nazi. "Fundi wa maboksi, miaka yote anajaribu boksi moja moja! Aibu hii nitaisimulia mpaka Blitar!"

Selo ikaingia.

Iliingia chini kabisa, tum, tum-tum, na mwimbaji akakusanyika kutoka kwenye kuta zote, akakaa katikati, hewani, mbele yao. Ilikuwa nyingi mno kwa chumba kile, wufa nne kwa watu wachache. Vioo vya bluu vilitetemeka. Ngadiran alielewa papo hapo, wala hakuhitaji penseli. Zile mbili za kwanza, za inchi nane, zilikuwa sawa. Zilikuwa sawa siku ya pili ya Idi, chai ikiwa ya moto.

Wiji alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia. "Hicho hapo," alisema taratibu. "Kitu cha chini."

Kasmuri, bado magotini, akaangua kicheko chake. Kisha akamtazama mmoja, akamtazama mwingine, kicheko kikakosa pa kwenda. Akasimama akijipangusa magoti. Akasema lori lake limeachwa juani. Akaondoka na watu wake, na ketupati yake ikabaki nusu juu ya kabati.

Mkono wa Ngadiran ulikwenda wenyewe kwenye bisibisi. "Zile za inchi nane zipo. Kabla ya adhuhuri nitakuwa nimezirudisha."

"Mas."

Akaiweka chini. Wiji akaja, akakaa sakafuni kwenye marumaru, mgongo ukutani, naye akakaa kando yake. Sauti haikuwa sawa walipokaa. Ilikuwa juu ya vichwa vyao. Walisikiliza wimbo mmoja hadi mwisho wake, na mwingine. Gari la uwanja wa ndege lilikuja kesho yake, na dereva alikuwa na haraka.

Zile za inchi nane alizirudisha baadaye, bila pupa. Sofa likaingia ndani. Kila kitu kilikaa mahali pake kama alivyokipanga kwa penseli, na besi ilikuwa jinsi besi inavyotakiwa kuwa katika nyumba ya watu. Nne kubwa alimuuzia Kasmuri, ambaye kwa mara ya kwanza hakubishania bei.

Huko Hong Kong, siku za Jumapili Wiji hupumzika. Hukaa bustanini, juu ya karatasi la boksi, pamoja na wanawake wenzake wa kwao, wa Malang na Blitar, na huko hupiga simu.

"Niwekee, Mas," alisema Jumapili moja.

Ngadiran aliwasha, akailaza simu kwenye mto wa katikati wa sofa, yeye akapiga magoti sakafuni mbele yake.

"Nasikia magitaa," alisema Wiji. "Nasikia anavyoimba. Kitu cha chini hakifiki."

"Simu haiwezi, Dik. Spika yake ni kama ukucha."

"Basi niambie ikoje."

Akafikiri. Hakuwahi kuulizwa hivyo. Watu humuuliza inafika wapi. "Sasa anadonoa mara moja. Anangoja." Akainamisha kichwa. "Sasa mbili, haraka, kama mtu anayeshuka vidato. Hapa chini kabisa. Hapa naisikia kwenye goti, kwenye sakafu. Sasa anangoja tena."

Kutoka ng'ambo zilisikika sauti za wanawake wakicheka, mmoja akiita jina, karatasi zikichakarika. Ngadiran akaendelea. Alisema kila selo ilipoingia na kila ilipotoka, polepole, akichagua maneno kama anavyochagua ubao usio na fundo, na alishangaa jinsi maneno yalivyokuwa mengi ndani yake muda wote huu. Wimbo uliisha, ukaanza mwingine, akausema nao. Alipoinua macho kuitazama simu, ilikuwa imekatika. Hakujua ilikatika kwenye wimbo upi.